Gurudumu Linalopandisha Watu Angani

Gurudumu unalijua. Lipo kwenye baiskeli, kwenye mkokoteni na kwenye basi liendalo mjini. Kazi yake ni kubingirika na kusogeza mzigo. Lakini lipo gurudumu ambalo haliendi popote. Linazunguka pale pale lilipo, mwaka baada ya mwaka. Mzigo wake ni watu. Huwachukua chini, huwapandisha juu wakautazama mji, kisha huwarudisha chini.

Gurudumu hilo liko London, mji mkuu wa Uingereza. Limesimama ukingoni mwa mto Thames. Jina lake ni London Eye, maana yake Jicho la London.

Waliofika miji ya pwani siku za Idi wameona pembea za watoto zinazozunguka. Mtoto huketi, pembea huzunguka, naye hupanda na kushuka huku akipiga kelele za furaha. Gurudumu la London ni ndugu wa pembea hiyo. Tofauti ni ukubwa. Na ukubwa huo ndio unaoleta maswali. Linashikwa na nini? Likikwama itakuwaje? Je, ni salama kumpandisha mtoto au mzee? Leo tutayajibu maswali hayo.

UKUBWA WAKE

Jicho la London lina urefu wa mita 135 kutoka chini hadi juu. Mnazi mrefu hufika kama mita 25. Panga minazi 5, mmoja juu ya mwingine. Bado hujafika kilele cha gurudumu hilo.

Pembeni mwake kuna vyumba 32 vya kioo. Kila chumba kina umbo kama la yai. Kinaweza kuchukua watu 25. Vyumba vyote vikijaa, watu 800 huwa hewani kwa wakati mmoja. Hao ni watu wa kijiji kizima.

Kila chumba kina uzito wa tani 10. Uzito huo ni sawa na magunia 100 ya mahindi, kila gunia likiwa na kilo 100. Sasa zidisha mara 32. Gurudumu linabeba vyumba vyenye uzito wa magunia 3,200, kabla hata mtu mmoja hajapanda.

Vyumba vina namba. Lakini ukivihesabu, utaona kuwa namba 13 haipo. Baada ya 12 inafuata 14, na chumba cha mwisho ni namba 33. Wazungu wengi huamini kuwa 13 ni namba ya mkosi. Basi waliojenga gurudumu waliiruka, ili asiwepo mtu wa kukataa kupanda chumba hicho.

FAMILIA YAENDA KUTEMBEA

Ili tuelewe vizuri, tuchukue mfano. Bibi mmoja ametoka kijijini Afrika Mashariki. Amekwenda London kumtembelea mwanawe anayefanya kazi huko. Siku ya mapumziko, mwana na mkewe wanawachukua watoto wao wawili pamoja na bibi. Wanakwenda kuliona gurudumu.

Wanafika chini yake. Watoto wanarukaruka. Bibi anainua uso, anatazama juu, kisha ananyamaza.

"Mama, twende tupange mstari," anasema mkwewe.

"Nendeni nyinyi, mwanangu," anajibu bibi. "Mimi nitawangoja hapa hapa chini. Nimeishi miaka sabini miguu yangu ikiwa ardhini."

Mwanawe hacheki, wala hamvuti mkono. Anaketi naye kwenye benchi. "Mama, hofu yako ni nini hasa?"

"Nataka kujua kinachoshika vyumba vile," anasema bibi. "Naona nyuzi tu, nyembamba kama za buibui. Unataka niwaweke wajukuu wangu kwenye nyuzi za buibui?"

Ndugu msomaji, hilo ni swali la mtu mwenye akili. Hofu ya bibi si ujinga. Anayeuliza kabla ya kupanda ni mwangalifu kuliko anayepanda bila kuuliza. Tumjibu.

SPOKI ZA BAISKELI

Pindua baiskeli yako, uitazame gurudumu lake. Nje kuna ringi. Katikati kuna habu, na ndani ya habu imepita ekseli. Kati ya ringi na habu kuna spoki.

Shika spoki moja. Ni nyembamba. Ukiitoa unaweza kuikunja kwa vidole. Hata hivyo, baiskeli hubeba mtu na gunia la mkaa, na gurudumu halivunjiki. Kwa nini?

Sababu ni kwamba spoki haifanyi kazi ya kusukuma. Inafanya kazi ya kuvuta. Waya mwembamba ni dhaifu ukiusukuma, hupinda mara moja. Lakini ni wenye nguvu sana ukiuvuta. Fundi wa baiskeli hukaza spoki zote. Kila moja huivuta ringi kuelekea katikati. Zote zikivuta sawasawa kutoka kila upande, ringi haina pa kwenda. Inabaki duara na inakuwa imara. Spoki zikilegea, ringi hupinda. Ndipo fundi huinyoosha kwa kukaza hapa na kulegeza pale.

Gurudumu la London limejengwa kwa njia hiyo hiyo. Nyuzi ambazo bibi anaziona ni nyaya nene za chuma. Zinaonekana nyembamba kwa sababu ziko mbali. Zinaivuta ringi kubwa kutoka pande zote, kama spoki za baiskeli.

Ekseli yake imelazwa juu ya miguu miwili mikubwa ya chuma. Miguu hiyo iko upande mmoja tu, upande wa nchi kavu. Gurudumu lenyewe limening'inia juu ya maji ya mto. Lisianguke mtoni, nyaya nyingine nene zinaishika miguu hiyo kwa nyuma. Nyaya hizo zimefungwa kwenye zege lililozikwa ardhini. Umewahi kuona nguzo ya simu iliyoshikwa na waya wa kukaza? Ni kazi ile ile.

Na ni kitu gani kinachozungusha mzigo wote huo? Ni matairi ya mpira, ya aina ya matairi ya lori. Yamebanwa kwenye ringi. Mashine huyazungusha matairi, nayo matairi huisukuma ringi polepole.

Mwana anamweleza mama yake hayo yote. Mjukuu anaongeza, "Bibi, ni kama baiskeli ya babu!" Bibi anafikiri kidogo. Baiskeli ya babu anaijua. Ilibeba magunia kwa miaka mingi. Anasimama. "Haya, twendeni. Lakini mnishike mkono."

SAFARI YA NUSU SAA

Kabla ya kupanda, mizigo ya watu hukaguliwa. Halafu familia inafika mahali pa kupandia. Hapo bibi anaona jambo la ajabu. Gurudumu halisimami. Linazidi kwenda, na watu wanaingia hivyo hivyo.

Hilo linawezekana kwa sababu mwendo wake ni mdogo sana. Kila sekunde linakwenda sentimita 26, yaani chini ya kilomita moja kwa saa. Mtu anayetembea kwa kawaida huenda kama kilomita 5 kwa saa. Kobe mvivu ndiye wa kulinganisha nalo. Hata hivyo, kama kuna mtu asiyeweza kuingia likiwa mwendoni, wafanyakazi hulisimamisha kwa muda. Bibi haombi lisimame. Anaingia akiwa ameshikwa mikono na wajukuu wawili.

Ndani ya chumba kuna benchi katikati. Kuta ni za kioo, na mlango hufungwa kutoka nje. Anayetaka kuketi huketi. Anayetaka kusimama husimama, kwa sababu sakafu hailali upande. Vyumba vinageuzwa kidogo kidogo na injini za umeme kadiri gurudumu linavyozunguka. Kwa hiyo sakafu hubaki sawa muda wote.

Mwanzoni wanauona mto. Thames hupita katikati ya mji. Ingawa London iko mbali na bahari, maji ya mto hapo hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, kama pwani. Ng'ambo ya mto wanaliona jengo la Bunge la Uingereza. Kando yake kuna mnara mrefu wenye saa na kengele maarufu iitwayo Big Ben. Mnara huo una urefu wa mita 96. Wakiwa chini waliutazama kwa kuinua shingo. Sasa wanaona ncha yake ikishuka mpaka iko chini ya miguu yao.

"Bibi, tumeupita mnara!" anasema mtoto mdogo.

"Nimeona, mjukuu wangu. Usiniambie tazama chini. Mimi natazama mbali."

Bibi amepata njia nzuri bila kufundishwa. Watu wengi wenye hofu ya kimo husaidika wakitazama mbali badala ya chini. Wengine husaidika wakiketi benchini na kupumua polepole. Tena ni vizuri kuwa na mtu wa kumshika mkono. La muhimu ni kutomcheka mwenye hofu. Kicheko huongeza hofu.

Baada ya kama dakika 15 wako kileleni. Hali ya hewa ikiwa safi, jicho hufika kama kilomita 40. Ng'ambo ya Bunge kuna miti mingi, na kati ya miti kuna jumba la kifalme la Buckingham. Upande mwingine kuna kuba la kanisa kubwa la St Paul's. Lilijengwa baada ya moto mkubwa wa mwaka 1666 kuliteketeza kanisa la zamani. Na nyumba hazina mwisho. Karibu watu milioni 9 wanaishi katika mji huo.

Bibi ananyamaza kwa muda mrefu. Kisha anauliza, "Mwanangu, watu wote hawa, mashamba yao yako wapi?"

Mwanawe anacheka kwa furaha, maana hakuwahi kufikiri hivyo. "Mama, mashamba yao yako mbali. Chakula huletwa kwa malori, kwa treni, kwa meli, hata kwa ndege. Maharage mabichi mengine hutoka Kenya. Hata chai tunayokunywa asubuhi, sehemu yake ni ya Kenya."

"Basi mji huu unalishwa na watu usiowaona," anasema bibi.

Wengi hupanda gurudumu ili waone majumba. Bibi alipanda akaona mahali pasipo na shamba. Kila mtu huona kwa jicho alilokuja nalo.

Baada ya karibu nusu saa wako chini tena. Mlango unafunguliwa. Wanatoka wote watano, na watu wengine wanaingia.

MKE NA MUME WALIOWEKA NYUMBA REHANI

Gurudumu hili lilifikiriwa na watu wawili, mke na mume. Majina yao ni Julia Barfield na David Marks. Kazi yao ilikuwa kuchora ramani za majengo.

Mwaka 1993 kulikuwa na mashindano. Watu waliombwa watoe mawazo ya jengo la kuadhimisha mwaka 2000. Wawili hao wakapeleka mchoro wa gurudumu. Hawakushinda. Kwa kweli hakuna aliyeshinda, maana waamuzi hawakuridhika na mchoro wowote.

Wengine wangekunja karatasi zao na kwenda nyumbani. Wao hawakuacha. Waliendelea kupima, kuomba vibali na kutafuta fedha. Waliiweka hata nyumba yao rehani. Mradi ungeshindwa, familia ingekosa mahali pa kulala. Baadaye shirika la ndege la British Airways likakubali kuwaunga mkono.

Kazi ilifanywa na mafundi wa nchi nyingi. Ringi ilitengenezwa Uholanzi. Nyaya zilitoka Italia. Ekseli na habu zilitoka nchi ya Czech. Vyumba vya kioo vilitoka Ufaransa. Vipande vya ringi vililetwa kwa matishari kupitia mto Thames. Vikaunganishwa vikiwa vimelazwa juu ya maji.

Ikabaki kazi ya kulisimamisha gurudumu. Mwezi wa Septemba 1999 mafundi walijaribu. Waya mmoja ukaponyoka, kazi ikasimama. Hawakuharakisha. Walikagua, wakarekebisha, na mwezi wa Oktoba wakajaribu tena. Safari hii gurudumu liliinuka polepole mpaka likasimama.

Tarehe 31 Desemba 1999 Waziri Mkuu Tony Blair alilizindua. Wageni walikuwepo na fataki zilirushwa. Lakini abiria hawakupandishwa usiku huo. Ilikuwa imeonekana kasoro katika klachi ya chumba kimoja. Watu walianza kupanda mwezi wa Machi 2000, baada ya kasoro kuondolewa. Fikiri ilikuwa aibu kiasi gani kuahirisha mbele ya Waziri Mkuu na dunia nzima! Lakini aibu hupita, na uhai wa mtu ukipotea haurudi.

Kibali cha kwanza kilikuwa cha miaka 5 tu. Baada ya hapo gurudumu lilikuwa libomolewe. Lakini watu walilipenda mno, likaachwa. David Marks alifariki mwaka 2017. Gurudumu lake bado linazunguka.

LA KWANZA LILIKUWA CHICAGO

Gurudumu la London si la kwanza. Kubwa la kwanza lilijengwa Chicago, Marekani, mwaka 1893. Kulikuwa na maonyesho makubwa ya dunia. Miaka 4 kabla, Wafaransa walikuwa wamejenga mnara wa Eiffel mjini Paris, na dunia nzima ikawasifu. Wamarekani nao wakataka kitu cha kuishangaza dunia.

Injinia mmoja kijana, George Ferris, akaleta mchoro wa gurudumu. Wengi walimwambia litaanguka. Ferris alishika msimamo, akalijenga. Lilikuwa na urefu wa mita 80 hivi na vyumba 36. Kila chumba kilichukua watu 60. Mkewe, Margaret, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupanda. Watu zaidi ya milioni moja walilipanda katika maonyesho hayo, na halikuanguka.

Lakini Ferris hakupata utajiri. Alifariki mwaka 1896 akiwa na miaka 37 tu, na madeni mengi. Gurudumu lake lilibomolewa kwa baruti mwaka 1906. Jina lake ndilo lililobaki. Hadi leo Wazungu huyaita magurudumu ya aina hii kwa jina la Ferris.

Mjini Vienna, nchi ya Austria, lipo lililojengwa mwaka 1897. Liliungua wakati wa vita mwaka 1944. Mwaka 1947 lilianza kuzunguka tena. Lilikuwa na vyumba 30, lakini baada ya vita vilirudishwa 15 tu ili kulipunguzia mzigo.

Siku hizi yapo makubwa kuliko la London. La Singapore lilifunguliwa mwaka 2008, urefu wake ni mita 165. La Dubai, katika nchi za Ghuba, lilifunguliwa mwaka 2021. Hilo lina urefu wa mita 250.

UMEME UKIKATIKA

Swali moja la bibi bado hatujalijibu. Je, likikwama?

Jambo hilo limewahi kutokea. Tarehe 23 Desemba 2008 moto ulizuka katika chumba cha mitambo cha gurudumu la Singapore. Umeme ukakatika. Gurudumu likasimama, na watu 173 walikuwa hewani. Walikaa huko kama saa 6. Baadhi yao waliteremshwa kwa kamba. Wengine walisubiri mpaka gurudumu lilipozungushwa tena.

Gurudumu halikuanguka. Spoki zilishika. Kilichokosekana ni njia ya pili ya kulizungusha upesi. Baada ya hapo gurudumu lilifungwa kwa wiki kadhaa, likawekewa mitambo ya akiba. Funzo lake ni hili: chombo kinachobeba watu kinahitaji njia ya pili pale ya kwanza inaposhindwa. Basi linahitaji breki ya mkono. Mashua inahitaji makasia hata kama ina injini.

TUNAJIFUNZA NINI?

Tunajifunza kwamba kitu kikubwa hujengwa kwa kanuni ndogo. Kanuni iliyo kwenye baiskeli ya kijijini ndiyo inayobeba watu 800 juu ya mto Thames.

Tunajifunza kwamba mwenye hofu aelezwe, asichekwe. Bibi hakupanda kwa sababu ya kuvutwa mkono. Alipanda kwa sababu alielewa.

Tena tunajifunza kuwa ukaguzi si kupoteza wakati. Leo kabla hujampakia mtoto kwenye baiskeli, zungusha gurudumu. Tazama kama ringi inakwenda sawa. Gusa spoki moja moja. Ukikuta iliyolegea, ipeleke kwa fundi kwanza.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini spoki nyembamba zinaweza kubeba mzigo mzito?
2. Gurudumu la London lina vyumba 32. Kila chumba huchukua watu 25. Jumla ni watu wangapi?
3. Kwa nini abiria hawakupandishwa siku ya uzinduzi? Je, ulikuwa uamuzi mzuri?
4. Bibi aliuliza mashamba ya watu wa mjini yako wapi. Mazao ya kijiji chenu huliwa na nani, na hupita njia gani mpaka kumfikia?
5. Ni vyombo gani vya kubeba watu mnavyotumia kijijini kwenu? Nani huvikagua, na lini?